Uaminifu Ulioandikwa Katikati ya Magofu

Asubuhi ya leo nimesoma sura yote ya tatu ya kitabu cha Maombolezo, katika Biblia, kwa mfululizo, kuanzia aya ya kwanza hadi ya 66. Wengi wetu tumezoea kuingia katika sura hiyo kwenye aya ya 22 na kutoka kwenye aya ya 23, pale panaposema kwamba huruma za Bwana hazikomi, kwamba ni mpya kila siku asubuhi, na kwamba uaminifu wake ni mkuu. Aya hizo mbili tunazitundika ukutani na kutumiana kwa simu mtu anapofiwa au anapolazwa. Zinazozitangulia hatuzitundiki popote.

Nazo ni nzito. Anayezungumza anajitambulisha kuwa mtu aliyeona mateso. Anasema Mungu amemzungushia boma asiweze kutoka, kwamba hata akilia na kuomba msaada maombi yake yanazuiwa, na kwamba Mungu amekuwa kwake kama dubu anayevizia. Katika aya ya 18 anakiri kwamba tumaini lake kwa Bwana limepotea. Kisha, katika aya ya 21, anasema anajikumbusha neno fulani na kwa hiyo ana matumaini, na hapo ndipo yanapofuata maneno tuyapendayo. Nimerudia kusoma nafasi iliyo kati ya aya hizo nikitafuta habari njema iliyomfikia, nami sijaiona. Yerusalemu ulikuwa umeanguka mwaka 587 au 586 kabla ya Kristo, Hekalu lilikuwa limeteketezwa na majeshi ya Babeli, na watu walikuwa wamepelekwa uhamishoni. Hakuna mjumbe aliyekuja kusema kwamba mambo yametengemaa. Mtu huyu alimkumbuka Mungu ni nani akiwa amesimama palepale penye magofu, na kitabu kinapofika mwisho wake, katika sura ya tano, magofu bado yapo.

Nayaandika haya kwa sababu mume wangu anaumwa figo, na ugonjwa huo umeingia katika kila kona ya maisha yetu. Zipo siku za kusafishwa damu na zipo siku za kupumzika kutokana na kusafishwa damu. Maji ya kunywa yanapimwa, chakula kinachaguliwa, na safari haipangwi kabla ya kutazama ratiba ya hospitali. Nimejifunza kwamba figo mbili za mtu mzima mwenye afya huchuja takribani lita 180 za majimaji kutoka katika damu kwa siku moja, mchana na usiku, bila mwenyewe kuombwa ruhusa wala kukumbushwa. Tuliishi miaka mingi tukipokea rehema hiyo pasipo kuijua kwa jina. Sasa kazi hiyo inafanywa na mashine, kwa saa kadhaa, na kazi ya leo haitoshi kwa juma zima.

Huenda ndiyo sababu maneno yale ya kwamba rehema ni mpya kila siku asubuhi yananigusa kwa namna tofauti na zamani. Nilipokuwa kijana niliyasikia kama ahadi ya wingi. Sasa nayasikia kama ahadi ya kiasi cha siku, jinsi Waisraeli walivyopewa mana jangwani, wakaambiwa wasiibakize hadi asubuhi, na waliyoibakiza ikaingia mabuu na kunuka. Nimemwomba Mungu mara nyingi anipe nguvu za mwaka mzima kwa pamoja, ili niache kuhofu. Hajanipa. Amenipa za Jumatatu siku ya Jumatatu, na ninapotazama nyuma siwezi kuitaja Jumatatu hata moja ambayo zilikosekana kabisa, ingawa zipo ambazo zilikuwa kidogo sana.

Kuna jambo ambalo sina budi kulisema waziwazi. Wageni wengi wametujia kwa upendo, wakaomba pamoja nasi na kutuletea vitu tulivyovihitaji, na Mungu awakumbuke. Lakini wamo wachache waliokuja na maelezo. Mmoja aliniambia, kwa sauti ya upole, "Dada, jichunguzeni, pengine kuna jambo hamjalitengeneza na Mungu." Mwingine alimwambia mume wangu kwamba uponyaji uko tayari na kilichobaki ni imani yake kuongezeka. Sidhani walikusudia kutuumiza. Hata hivyo naamini kwamba mafundisho ya namna hiyo yanamtwika mgonjwa mzigo wa pili juu ya ule alio nao, na yanamfanya Mungu aonekane mwaminifu kwa wale tu ambao mambo yao yamekwisha kunyooka.

Tangu siku ile namfikiria sana Trofimo. Ametajwa mara chache tu katika Agano Jipya, na mojawapo ni katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, 4:20, ambapo Paulo anaandika kwamba alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Ni habari fupi, iliyowekwa kati ya salamu. Lakini aliyeiandika ni mtume yuleyule ambaye, kwa mujibu wa Matendo ya Mitume 19, leso na nguo zilizotoka mwilini mwake zilipelekwa kwa wagonjwa nao wakapona. Huyo ndiye aliyemwacha mwenzake kitandani akaendelea na safari. Hasemi kwamba Trofimo alikuwa na dhambi iliyofichika. Hasemi kwamba imani yake ilikuwa haba. Na katika barua hiyohiyo, iliyoandikwa kutoka kifungoni na mtu aliyejua kwamba wakati wa kufariki kwake umekaribia, tunasoma kwamba hata sisi tusipoamini Mungu hudumu kuwa mwaminifu, kwa maana hawezi kujikana mwenyewe. Paulo hakuona kwamba sentensi moja inaibatilisha nyingine. Mungu mwaminifu na Trofimo mgonjwa wamo katika barua moja.

Neno hilo, kwamba hawezi kujikana mwenyewe, limekuwa mahali pangu pa kushika. Uaminifu wa Mungu ungekuwa unapimwa kwa matokeo ya vipimo vya damu, ningeamini na kukana mara kadhaa ndani ya mwezi mmoja. Lakini ukiwa ni tabia yake mwenyewe, unasimama hata siku ambazo mimi sisimami. Kwa hiyo sioni tena haja ya kuficha machozi ninapoomba, kana kwamba kulia kungemvunjia heshima. Sura ile ya tatu imepangwa kwa herufi 22 za Kiebrania, aya tatu kwa kila herufi, na hilo linaniambia kwamba aliyeitunga aliupitia uchungu wake kwa utaratibu, herufi baada ya herufi, bila kuruka hata moja ili afike haraka kwenye faraja. Zaburi ya 88 yenyewe inaishia gizani, nayo imo katika kitabu cha sifa. Ningependa makanisa yetu, katika kipindi cha ushuhuda, yatoe nafasi pia kwa mtu ambaye jambo lake halijaisha, asimame aseme tu kwamba bado anaomba na bado anamtumaini Mungu, kisha akae, na watu waitikie amina kwa moyo uleule wanaomwitikia aliyepona.

Jioni tulisoma pamoja Yeremia 32. Mji umezingirwa na jeshi la Babeli, nabii amefungwa katika uwanda wa walinzi, na Hanameli, mwana wa ami yake, anamjia akimtaka anunue shamba lililoko Anathothi. Kwa hesabu za kibinadamu shamba hilo halikuwa na thamani yoyote wakati ule. Yeremia anampimia shekeli 17 za fedha, anatia muhuri, anaita mashahidi, na kumwagiza Baruku, mwandishi wake, aziweke hati katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Baada ya hapo ndipo anapoomba, na maombi yake yanaonyesha wazi kwamba hakuelewa. Anakiri kwamba hakuna jambo lililo gumu kwa Mungu, kisha karibu anauliza: umeniambiaje ninunue shamba, na mji umekwisha kutiwa mikononi mwa Wakaldayo, yaani watu wa Babeli? Alitii kwanza akiwa na swali lake mkononi, na Mungu hakumkemea kwa swali hilo. Alimjibu kwamba mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile, jambo ambalo lingetimia baada ya miaka mingi ambayo Yeremia mwenyewe hakutegemea kuiona.

Tulipomaliza kusoma, mume wangu alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama kanisa limekwisha kupanga walimu wa shule ya Jumapili wa mwaka ujao. Nikamwambia bado. Akasema, "Mama, nenda ukaliandikishe jina langu. Wanipe zamu za Jumapili ambazo hazifuati siku ya mashine." Nilitaka kumkumbusha alivyochoka juma lililopita, na maneno yalikuwa yamefika mdomoni, lakini nikauliza tu anapenda kufundisha darasa lipi. Akachagua la watoto wadogo, akaomba nimtafutie miwani yake, akaanza kuandika somo la kwanza.