Pengo la nanomita 558 lilivyonipiga chenga

Wiki nzima nilijiona nimegundua wingu la gesi. Nilikuwa nimepakua spektra (mwanga uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi) ya kwasa, kiini king'aavu cha galaksi ya mbali sana, kutoka hifadhi ya SDSS, mradi wa kupima anga, data za darubini ya Apache Point, New Mexico, ambazo mtu yeyote anazipata bure. Karibu na nanomita 558 palikuwa na pengo jembamba, limezama vizuri, kama alama ya wingu lililofyonza mwanga wa kwasa njiani. Nikasema, ndiyo hii.

Nikafungua kwasa ya pili. 558. Ya tatu, pembe nyingine kabisa ya anga: 558 tena. Jasho likanitoka. Ulimwengu unavyopanuka huurefusha mwanga, na kila wingu huweka alama kulingana na umbali wake. Matatu hayawezi kuangukia namba moja. Kumbe ni oksijeni ya hewa yetu ya juu, inayong'aa usiku kucha. Programu huuondoa mng'ao huo, ila kovu hubaki.

Mwalimu wangu alicheka, kisha akaniambia niache kuwinda pengo moja, nitafute pacha.

Pacha ni kaboni iliyopoteza elektroni 3. Hufyonza mwanga mahali pawili, nanomita 154.8 na 155.1, na wingu likiwa mbali namba zote mbili huzidishwa kwa kiasi kilekile. Raha yake ni kwamba SDSS hupanga pikseli kwa logi, yaani kila pikseli huuzidisha urefu wa mawimbi kwa kiasi kilekile, kwa hiyo pacha hao husimama pikseli 7 hivi mbalimbali, liwe wingu la karibu au la mbali. Nikaacha kusoma namba, nikawa nahesabu pikseli. Macho yaliuma, lakini kazi ikawa nyepesi kuliko nilivyodhani.

Siku ya nne nikawapata, 495.4 na 496.2, wa kwanza amezama kuliko wa pili kama inavyotakiwa. Gawanya kwa urefu wa asili: mwanga umerefushwa mara 3.2. Kwasa yenyewe ilikuwa na 3.8, kwa hiyo wingu liko mbele yake, njiani kuja kwetu.

Sikushangilia. Nilishaumwa na nyoka. Kama gesi ipo kweli, haidrojeni yake ionekane pia: 121.57 mara 3.2, yaani 389. Huko ni ndani ya msitu wa Lyman-alfa, mapengo ya haidrojeni ya mawingu mengi ya njiani yamebanana kama miiba, na kukuta pengo moja si ajabu. Lakini lililokuwa pale 389 lilikuwa pana kuliko majirani zake wote, na kitako chake kilikuwa karibu kugusa sifuri, yaani mwanga karibu wote ulikuwa umefyonzwa.