Januari ya matofaa yaliyoganda

Januari 2016 nilitoka Montreal kwa basi hadi shamba moja karibu na Dunham, kusini mwa Quebec, Kanada, kuchuma matofaa ya saida ya barafu, kileo kitamu kinachotokana na matofaa yaliyoganda. Mama aliposikia kwenye simu akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwanangu, nani anachuma matunda kwenye theluji?" Mimi ni mtu wa Njombe. Matofaa nayajua, na sakitu ya alfajiri mwezi wa Juni naijua. Lakini siku ile ilikuwa nyuzi 14 chini ya sifuri, baridi ya kuumiza meno.

Matofaa yalikuwa bado mtini, yameachwa makusudi tangu vuli. Yamekuwa ya kahawia, yamesinyaa, magumu kama kokoto. Ukiyatia kwenye ndoo yanagonga ko, ko, ko. Glavu zililowa, zikakauka zikiwa zimekakamaa mkononi.

Mwenye shamba, mzee wa makamo ya babu yangu, alizungumza Kifaransa tu. Dada mmoja wa Bukavu tuliyekuwa naye kazini akawa ananitafsiria. Maji, alisema mzee, ndiyo yanayoganda kwanza. Sukari na ukali wa tunda vinachelewa. Kwa hiyo ukilikamua tofaa likiwa limeganda, maji yanabaki ndani kama chembe za barafu na kinachotoka ni utamu mzito. Wazalishaji wengi zaidi huchukua njia nyingine: hukamua mwishoni mwa mwaka, wakaiacha juisi nje igande, kisha wakakinga kile kinachodondoka na kuiacha barafu. Kwa njia yoyote ile, baridi lazima iwe ya Mungu. Sheria ya Quebec hairuhusu friza. Mzee alitaja kwa heshima kubwa jina la Christian Barthomeuf, Mfaransa aliyeanza kujaribu saida hii palepale Dunham mwaka 1989, akifuata mfano wa mvinyo wa zabibu zilizoganda.

Mashine ya kukamulia ilikazwa, tukasubiri. Kwa muda mrefu hakikutoka kitu. Kisha tone likajitokeza ukingoni, rangi ya kaharabu, likavimba, likaning'inia, likakataa kuanguka. Nikaziona mbeta za nyumbani zilizofungwa kwenye mianzi, ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukidondoka usiku kucha. Sikutegemea kuukumbuka ulanzi mahali kama pale, na koo likanibana.

"Lamba kwanza, ndugu yangu," dada akaniambia.

Nililamba kidole. Ulikuwa mtogwa, ulanzi wa asubuhi kabla haujachacha, ila mzito mara kumi. Mzee akaweka tone jingine kwenye kioo cha kipima sukari, akanipa nichungulie: mstari ulisimama kwenye 34. Kwa kipimo hicho cha Brix, juisi isiyofika 30 haifai kuitwa ya saida ya barafu. Ikishafika, inatiwa hamira na kuachwa kwenye ubaridi kwa miezi. Hamira inahangaika taratibu katika sukari nyingi namna ile, na uchachukaji unasimamishwa utamu ungali mwingi. Kileo huwa kati ya asilimia 7 na 13.

Jioni mzee alitumiminia saida ya mwaka uliotangulia, kidogo tu, chini ya glasi nyembamba. Harufu ilitangulia: tofaa la kuoka, asali, sukari iliyoanza kuungua sufuriani. Mdomoni ikawa tamu kweli, na nikaogopa itanikinaisha kama sharubati ya harusi. Haikunikinaisha. Ukali wa tofaa ulikuja nyuma ya utamu, ukausafisha ulimi, mate yakajaa, nikataka tena. Hapo ndipo ufundi ulipo, naamini hivyo hadi leo: bila ule ukali, ni shira tu.

Dada alishika glasi yake kwa mikono miwili, kimya, macho kwenye taa. Nje mashine iliendelea kudondosha, tone moja moja, na zamu yetu ilikuwa na saa tatu bado.