Akiba ya pumzi

Leo maji ya bamvua yalikupwa mpaka mwamba wa Jambiani, kijiji cha pwani ya Unguja, ukabaki wazi, nami nikafuatana na akina mama wanaowinda pweza nikiwa na kipimajoto, saa na daftari. Mmoja wao alinionyesha tundu ambalo nilikuwa nimekwisha kulipita. Mlangoni palikuwa na magamba ya kaa yaliyotupwa nje punde tu. "Yumo, mwanangu, inama utazame," akaniambia. Niliinama, nikaona jicho, kisha mrija ukifunguka na kufumba, ukitoa maji yaliyokwisha kupita kwenye matamvua. Kidimbwi kilikuwa na nyuzi 33, na mrija ule haukutulia hata kidogo.

Pweza ana mioyo mitatu, miwili ya kupitisha damu kwenye matamvua na mmoja wa kuisambaza mwilini, na damu yake ni ya buluu kwa kuwa oksijeni hubebwa na himosiyanini, protini yenye madini ya shaba. Joto na asidi vikizidi, protini hiyo hulegea katika kuishika oksijeni. Maji ya moto nayo hubeba oksijeni kidogo, ilhali mwili uliopata joto hudai zaidi. Tangu enzi ya viwanda ianze, pH ya uso wa bahari, yaani kipimo cha asidi ambacho hupungua asidi inapozidi, imeshuka kutoka takriban 8.2 hadi 8.1, na tofauti hiyo inayoonekana ndogo ina maana kwamba asidi imeongezeka kwa karibu asilimia 30.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba swali kuu la fani yangu, ya kuchunguza miili ya wanyama wa baharini, ni joto gani linalomuua mnyama, pengine kwa sababu maabara hulijibu upesi. Sasa naliona swali hilo kuwa jembamba mno. Siku nyingi kabla ya kufa, pweza huwa amekwisha pungukiwa na akiba ya pumzi, yaani ile ziada inayobaki baada ya mwili kujiendesha tu, ambayo kwayo huwinda, hukua na kuzaa. Jike hutaga mara moja maishani. Huyalinda mayai na kuyapulizia maji safi bila kula, kisha hufa yanapoanguliwa. Ikiwa anahema namna ile akiwa amekaa kimya tunduni, mayai yake atayapulizia kwa nguvu gani? Joto la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi ya bahari yetu, na vifo vile vilionekana kwa macho. Kizazi ambacho hakikuanguliwa hakuna anayekiona.

Mama yule alimpima pweza kwa macho, akasema bado mdogo, akamwacha. Nimeweka jiwe jeupe kando ya tundu. Bamvua lijalo, majuma mawili kuanzia leo, nitarudi kuhesabu pumzi zake tena.