Tarumbeta ya Aislandi Mtaani Langoni

Bendi ya Of Monsters and Men ilianzishwa Aislandi mwaka 2010, na mwaka huohuo ikashinda Músíktilraunir, shindano la kila mwaka la bendi changa. Albamu yao ya kwanza, My Head Is an Animal, ilitoka mwaka 2011, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa uchangamfu wake ni wa vijana wanaopiga kwa nguvu zao zote.

Chukua wimbo wa "Little Talks". Tarumbeta inapaa, gitaa na ngoma zinaipokea, kisha waimbaji wa bendi, Nanna Bryndís Hilmarsdóttir na Ragnar Þórhallsson, wanajibizana, huku ukelele mfupi wa "hey!" ukimwinua msikilizaji kitini. Hata hivyo maneno yenyewe ni ya majonzi: mwanamke amezongwa na upweke, na mwanamume anamliwaza. Kuyapandisha majonzi hayo juu ya mdundo wa shangwe ni ufundi mkubwa, na sisi watu wa Lamu, tuliolelewa na mashairi ya kujibizana na taarabu inayoliza na kuchezesha kwa wakati mmoja, tunauelewa upesi.

Jirani yangu, fundi wa kuchonga milango hapa Langoni, huniomba niuweke wimbo huo alasiri, na haichukui muda nyundo yake inayogonga patasi huanza kufuata ngoma.

Albamu ya Fever Dream ya mwaka 2019 imeegemea zaidi vinanda vya umeme. Ni nzuri, lakini mimi naipendelea ile tarumbeta.