Kompyuta Namba Nne

Juzi Jumamosi mwanangu kanijia na laptopu mikononi, kaitua mezani pembeni ya sahani yangu ya chapati.

"Baba, mbona wanajeshi wamekuwa kama sisimizi?"

Ilikuwa Red Alert 2, gemu ya vita ya mwaka 2000, imemzidi umri mbali. Nilimwekea mimi mwenyewe, kwa sababu zangu za uzee. Menyu ya gemu ile inaishia kwenye picha ya nukta 1024 kwa 768, basi alikuwa ameingia kwenye faili ya RA2.INI kama nilivyomwonyesha, akashuka hadi kwenye kifungu cha Video, akaandika 1920 mbele ya ScreenWidth na 1080 mbele ya ScreenHeight.

"Ulikopi faili kwanza?"

"Nimekopi."

"Ukaiweka wapi?"

"Baba! Ipo kwenye desktopu. Ikiharibika si narudisha tu?"

Nikamweleza kwamba wanajeshi wale wamechorwa nukta kwa nukta, hawanenepi. Ukiongeza rezolusheni, yaani idadi ya nukta za picha, unachoongeza ni uwanja, kama kuwatandikia mkeka mpana zaidi watu walewale. Akichoka kukodoa macho ajaribu 1280 kwa 720. Halafu akishapata anayoipenda, faili aifunge isomwe tu, isiandikwe, gemu isije ikaibadilisha yenyewe. Akaondoka zake. Chapati ikanipoa nikiwa bado nalitafuna lile neno lake: si narudisha tu.

Mwaka 2006, mwaka wa mgao wa umeme, nilikuwa kidato cha tatu na jioni zangu zote zilikuwa kwenye kafe ya Mjomba, Ngamiani, Tanga. Kompyuta sita, shilingi 500 kwa saa, umeme ukiwepo. Wateja wa barua pepe wakishaondoka, Mjomba aliteremsha mlango nusu, sisi tukapigana. Red Alert 2 ya kuunganisha waya ndani ya chumba kimoja ilitaka itifaki ya IPX, lugha ya zamani ya kompyuta kuongea zenyewe kwa zenyewe, na mimi ndiye niliyeiweka kwenye kompyuta zote sita. Kuanzia siku hiyo nikaitwa fundi. Nilitembea kama fundi pia, Mungu anisamehe.

Sasa, kero yangu ilikuwa kompyuta namba moja. Aliyekaa namba moja alikuwa na monita ya inchi 17, akicheza kwa 1024. Sisi wengine tulikuwa kwenye 800 kwa 600. Kwenye gemu kama ile, mwenye mkeka mpana anaviona vifaru vyako vikitoka kwenu kabla wewe hujaona hata vumbi la vyake. Nilipigwa wiki nzima na mtu ambaye, naapa, hakuwa ananizidi akili.

Mimi nilikaa namba nne. Chogo la inchi 14, mtumba, plastiki yake imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Halikuwa na menyu ya kujitokeza kwenye kioo, lilikuwa na vifundo vya kuzungusha kwa kidole chini ya kidevu. Hilo peke yake lingemtosha mtu mwenye akili kujua umri wake. Mimi nilikuwa fundi, sikuhitaji.

Rafiki mmoja wa shuleni ndiye aliyeninong'oneza habari ya ile faili, kwamba unaweza kuandika namba yoyote. Basi nikaona 1024 ni kulingana naye tu, na mimi nilitaka kumpita. Nikaandika 1280 kwa 1024. Sikukopi kitu. Nikahifadhi, nikafunga, nikabofya mara mbili.

Windows ukiibadilishia ukubwa wa picha inakuuliza kama unaona vizuri, na usipoijibu ndani ya sekunde 15 inarudi ilikotoka. Gemu haiulizi.

Kulisikika *tk* ndani ya chogo. Kioo kikawa cheusi. Kisha ikaja mistari ya mshazari, ya kijivu, inateleza kwenda juu kama mvua iliyokosea njia, na nyuma yake kama vivuli vya picha ileile vimelaliana. Halafu filimbi. Nyembamba mno, sina hakika kama niliisikia kwa masikio au kwa meno. Na wakati huohuo spika zinaendelea vizuri kabisa, muziki wa gemu unapigwa kwa raha zake, maana kompyuta yenyewe haikuwa na shida yoyote. Iliamini inaonekana.

Nilibonyeza Esc. Nilibonyeza Alt na F4. Nilibonyeza vitu ambavyo hata leo sijui vina kazi gani. Filimbi haikutetereka. Ikaja harufu ya vumbi linalopata moto, ile ya pasi iliyokaa kabatini tangu Idd.

Swichi ya chogo ilikuwa mbele, upande wa kulia, kubwa, ya kubonyeza kwa nguvu. Ilikuwa na mlio ambao Mjomba aliujua. Alikuwa mlangoni anahesabu sarafu, mgongo umetugeukia, na kwa mlio ule tu angegeuka na kuuliza nani kazima, kazima kwa nini. Kwa hiyo mkono wangu ulikuwa hapo, kidole juu ya swichi, na sikubonyeza. Nilikaa. Nilikuwa nasubiri pikipiki ipite barabarani ifunike ule mlio. Pikipiki haikupita. Wa namba tano akaniinamia, akasema taratibu, "Fundi, inalia." Nikamwambia najua.

Kila nikisimulia habari hii husema zilikuwa sekunde kumi. Hazikuwa kumi. Muziki ulifika mwisho ukaanza upya.

Mwishowe nilikohoa kwa nguvu na kubonyeza kwa pamoja. Filimbi ikashuka, ikashuka, ikaisha. Mjomba hakugeuka.

Kilichofuata kilikuwa chepesi mpaka aibu. Nikaizima kompyuta na kuiwasha, Windows ikaja kwa 800 zake, picha ipo safi, nikarudisha namba za zamani. Nilizikumbuka kwa kichwa. Tukacheza. Nikapigwa.

Siku ya tisa umeme ulirudi mchana baada ya kukatika, namba nne ikasema *pa!* na haikuwaka tena. Fundi aliyeitwa, huyu wa kweli, alifungua chogo, akachokonoa kwa bisibisi, akasema flaibaki, ile ya kukuza umeme wa kioo, imekwenda na yake haipatikani. Mjomba akasema, "Umeme huo." Watu wote wakaafiki. Mimi niliafiki wa kwanza.

Namba nilikuja kuzijua baadaye. Kwa 800 kwa 600, mara 60 kwa sekunde, chogo linachora mistari kama 38,000 kila sekunde. Kwa 1280 kwa 1024, mara zilezile 60, inakuwa kama 64,000. Machogo ya baadaye yana ulinzi: yakizidishiwa yanakataa, yanakuandikia kwamba yamezidiwa, basi. Ya zamani mengi hayakuwa na ulinzi huo. Yanajaribu kutii. Ile filimbi ilikuwa utii.

Nimewauliza mafundi wawili kwa nyakati tofauti, nikijifanya nauliza kwa niaba ya mtu. Mmoja alicheka, akasema kitu cha kufa kwa sababu hiyo kingekufa palepale, siku tisa ni umeme tu. Wa pili hakucheka. Alisema kifaa kizee ukikipasha vile kinabaki na ufa, halafu chochote kinakuja kumalizia. Nilimpenda zaidi wa kwanza.

Kafe iliendelea na kompyuta tano hadi mwaka ukaisha. Meza ya namba nne ikawa ya kuwekea chupa ya chai. Niliwahi kuanza kupiga hesabu ya 500 kwa saa, siku zote zile ukitoa saa za mgao, nikaacha katikati.

Idd iliyopita nilimpigia Mjomba simu. Shikamoo, marahaba, watoto, presha, miguu inayomvimba. Kisha kukawa na ukimya kidogo, ule wa mtu kusubiri mwenzake aage, nikaona ndipo hapa.

"Mjomba, unaikumbuka ile kompyuta namba nne?"

"Ile iliyouawa na umeme?"

Mwanangu alikuwa pembeni yangu, anavuta shati langu, anataka simu aombe sikukuu yake.

"Eee," nikasema. "Hiyohiyo."