Kwa nini omu za koili yangu zilikuwa hazitulii

Nilipoacha sigara ya kawaida na kuanza kutumia vepu (sigara ya umeme) hapa Mtwara, jambo lililonisumbua zaidi lilikuwa ile namba ndogo ya omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, inayoonekana kwenye kioo cha kifaa. Koili yangu, yaani waya unaopata moto na kugeuza kimiminika kuwa mvuke, ni ya chuma cha pua na iliandikwa omu 0.8. Asubuhi ilisomeka 0.81, nikivuta inapanda hadi 0.9, na siku moja ikarukia 1.4 huku mvuke ukitoka mwembamba mno. Nikaongeza nguvu kutoka wati 15 hadi 25, na mvuke ukarudi. Jioni yake nilifungua tangi kulijaza, nikalikaza vizuri, na mvuto wa kwanza tu ukaunguza pamba inayofyonza kimiminika ndani ya koili. Ladha ile ilinikaa kooni hadi nikalala.

Nilinunua koili nyingine ya aina ileile, na kwa kuwa sikuiamini tena namba ya kifaa, nikaipeleka kwa fundi simu mmoja wa Chikongola. Aliigusisha ncha za multimita, mita ya kupimia umeme, ikasoma 1.1, nami nikadhani nimeuziwa mbovu. Yeye akazigusanisha ncha zenyewe kwa zenyewe, kioo kikaonyesha 0.3. "Mdogo wangu, hizo ni za waya za mita, zitoe kwanza." Ikabaki 0.8 kamili.

Kisha akapitisha pamba yenye spiriti kwenye kitako cha kifaa, pale koili inapopokea umeme, ikatoka nyeusi. Hapo ndipo nilipoelewa. Uchafu ule ulikuwa umeongeza ukinzani wa omu 0.6 juu ya 0.8 za koili, kwa hiyo kati ya wati 15 nilizopanga, takriban 8.6 tu ndizo zilizofika kwenye koili, na nyingine zikapotea kwenye maungio. Nilipokaza tangi, mguso ukarudi, na wati 25 zote zikaingia kwenye koili, pamba ikaungua.

Kupanda hadi 0.9 ninapovuta si hitilafu, kwa sababu ukinzani wa chuma cha pua huongezeka kadiri kinavyopata moto, ilhali waya wa Kanthal, aina nyingine ya waya wa koili, haubadiliki sana. Kwa hiyo siku hizi nasoma namba koili ikiwa imepoa kabisa, na nikiona imepanda nafungua na kufuta kitako kabla ya kugusa wati. Koili ya sasa ilisomeka 0.82, nami nimeiandika kwa kalamu ubavuni mwa boksi lake.