Siku moja maishani mwangu: masikio yangu na Kifrisia

Saa mbili asubuhi nafunga baiskeli, nakunywa kahawa, navaa hedifoni. Mimi ni mtu wa Lamu, lakini kazi yangu iko Leeuwarden, kaskazini mwa Uholanzi: kusikiliza rekodi za wazee na kuandika ni lugha gani. Watu hudhani ni kazi ya kukaa tu.

Mpaka saa tano ni Kifrisia, jamii ya lugha za pwani ya Bahari ya Kaskazini, huku Uholanzi na Ujerumani. Naanza na cha Magharibi, cha hapa mkoa wa Fryslân. Neno lao *my*, wengine hulitamka "mi", wengine "mei". Naandika lahaja, maana wanaelewana vizuri.

Saa sita mteja, mwenye hizo rekodi, akapiga simu. Anataka kila kitu kiwe safu moja ya jedwali: lugha moja, Kifrisia, yenye lahaja tatu, basi. Nikamsomea maneno mawili tu, mvulana na msichana. Fryslân: *jonge*, *famke*. Saterland, Ujerumani: *Wänt*, *Wucht*. Kifrisia cha Kaskazini, upande wa bara, Ujerumani karibu na Denmark: *dreng*, *foomen*. Nikamuuliza, hawa wakikutana watazungumza nini? Akasema wa Saterland ni kama 2,000 tu, hiyo haiwezi kuwa lugha. Hapo damu ilinichemka. Uchache wa wasemaji haugeuzi lugha kuwa lahaja! Nikamwambia kwetu Kiamu na Kimvita vinatofautiana na bado tunaelewana, ila Mngazija wa Komoro akiongea na jamaa zake, pamoja na udugu wote wa lugha zetu, mimi naachwa njiani. Akanyamaza kidogo, kisha akaja na rekodi zake za Aurich, mji wa kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, akitaka nazo ziitwe Kifrisia. Huko ni Ostfriesland, yaani Frisia ya Mashariki, kweli, lakini wanachozungumza ni Platt, Kijerumani cha Chini. Kifrisia cha Mashariki kimebaki Saterland peke yake. Jina la nchi limebaki, lugha imehama. Nilirudia hayo mara nne, chakula changu kikipoa mezani.

Mchana uliobaki siukumbuki kwa saa. Sylt, Föhr, Helgoland, visiwa vya Kifrisia cha Kaskazini. Hata hao wa Kaskazini wenyewe kwa wenyewe hupotezana, na masikio yalikuwa yameanza kuuma. Nilirudisha sentensi moja ya bibi wa Föhr nyuma mara kumi na kitu, mpaka nikaisikia pumzi yake kabla ya kila neno. Sikukubali kuiandika kwa kubahatisha.

Nikiwa navaa koti, barua pepe ya mteja ikaingia. Amekubali safu tatu. Za Aurich bado anataka ziitwe Kifrisia. Kesho nampigia mimi.